"Mtandao Hakuna": Neno Moja na Maana Zake katika Kazi ya Fundi wa Kompyuta huko Morogoro

Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru, upande wa kaskazini, mwendo wa kilomita 190 hivi kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Ni mji wa shule na vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimekuwapo hapo tangu mwaka 1984. Chuo Kikuu cha Mzumbe kiko nje kidogo, upande wa barabara iendayo Iringa. Na huko Kihonda kuna chuo cha kufundisha walimu wa ufundi stadi. Si ajabu basi kwamba kazi ya kutengeneza kompyuta na kuziunganisha imepata watu wengi mjini humo, wengine wenye vyeti, wengine waliojifunza kwa kukaa karibu na fundi na kutazama mikono yake. Katika kazi hiyo maneno yasikikayo kuliko yote ni haya mawili: mtandao hakuna. Huyasema karani wa ofisi, mwanafunzi, mwenye duka la kuchapisha barua, na mwalimu aliyeshuka kutoka Mgeta na kompyuta ya shule kwapani. Wote husema neno lile lile, na kila mmoja ana shida iliyo mbali na ya mwenzake.

Jambo hili lafaa kuangaliwa na watu wa lugha, maana halibaki katika lugha. Fundi mchanga asiyejua kulipasua neno hilo hununua ruta mpya ilhali kilichoharibika ni kebo ya shilingi chache, au humpeleka mteja kwa kampuni ya simu ilhali ubovu umo ndani ya kompyuta yenyewe. Shule iliyo juu mlimani, iliyochanga fedha mwaka mzima, haiwezi kuvumilia kosa la namna hiyo mara mbili.

Kwanza utazamwe mpango wa maneno. Mwalimu wa sarufi angependa iandikwe "hakuna mtandao", au "mtandao haupo". Lakini watu husema "mtandao hakuna" kama wasemavyo "maji hakuna" na "umeme hakuna": kitu hutajwa kwanza, kisha hutangazwa kwamba kimekosekana. Mpango huo una maana yake. Maji na umeme ni vitu vinavyoletwa kutoka kwingine na mtu mwingine. Ayakosaye maji nyumbani hufikiri kwanza juu ya bwawa la Mindu, si juu ya bomba lake. Kwa kuuweka mtandao katika jamaa hiyo, msemaji ameshaamua, bila kujua, kwamba kosa liko nje ya nyumba yake. Hapo ndipo fundi apotezwapo.

Asili ya neno yenyewe ni nzuri. Shina ni tanda, yaani kuenea juu ya kitu. Kutokana nalo yamezaliwa tandika, tandaza, utando na mtandio. Mfumi naye ana mtande, ndizo nyuzi za urefu zinazovutwa katika kitanda chake kabla ya kupitishwa nyuzi nyingine. Aliyelichukua shina hilo na kulipa kazi ya kutaja kompyuta nyingi zilizofungamanishwa hakukosea hata kidogo. Ila neno lilipofaulu likazidi kutanda. Leo mtandao ni kompyuta mbili zilizounganishwa chumbani, ni intaneti nzima, ni kampuni ya simu, mtu aulizwapo, "Wewe watumia mtandao gani?", ni mawimbi ya simu yanayopatikana mahali fulani, na, likiongezwa "wa kijamii", ni baraza la watu wasioonana uso kwa uso. Kuna na maana ya sita, ya benki na ofisi: "mtandao uko chini", tafsiri ya kisilisili ya Kiingereza. Maneno hayo hayana bahati katika nchi ya Uluguru, ambako mtu huupanda mlima ili aupate mtandao, na akishuka bondeni huukosa.

Ili kuonyesha jinsi maana hizo zinavyotengana kazini, yafaa kuanza na mashine yenyewe, kisha kutoka nje kidogo kidogo. Ndivyo afanyavyo fundi mwenye akili: huanza karibu na kwenda mbali.

Kompyuta yo yote, iwe ya mezani au ya kupakata, ina kichakataji kinachofanya hesabu. Ina ramu, ambapo kazi inayofanywa sasa hivi huwekwa, nayo hupotea umeme ukizimwa. Ina diski inayotunza mambo hata baada ya kuzima. Na vyote hivyo vimeshikamana katika ubao mmoja mkubwa ambao mafundi huuita madabodi. Kifaa kingine huupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa mdogo ufaao. Kichakataji ni neno la kusifiwa. Mkoani Morogoro, penye mashamba ya mkonge, kila mtu anajua kuchakata: majani huingia upande huu, singa hutoka upande wa pili. Mwanafunzi aliyeona mashine ya mkonge hahitaji maelezo marefu juu ya kazi ya kichakataji.

Mambo si mepesi hivyo kwa ramu na diski. Vitabu vingi huviita vyote viwili kumbukumbu, na mteja akisema "kumbukumbu imejaa" haijulikani kama anataka nafasi ya kuweka picha zake au kompyuta yake imekuwa nzito kwa kufungua kazi nyingi pamoja. Dawa ya shida hizo mbili si moja, wala bei si moja. Mafundi wamejiokoa kwa kusema "ramu" na "diski", na hapana sababu ya kuwalaumu. Kadhalika sanduku lote la kompyuta ya mezani huitwa na wateja "sipiyu", jina ambalo kwa haki ni la kichakataji peke yake, kitu kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Fundi akiambiwa kwamba sipiyu imekufa, asitafute kichakataji. Mara nyingi kilichokufa ni kile kigeuza umeme, au ramu imelegea tu katika mfereji wake. Vumbi la mjini na unyevu wa milimani huzitia kutu au uchafu ncha za ramu. Fundi huichomoa, huzisugua ncha zake taratibu kwa ufutio wa penseli, na kuirudisha. Kompyuta iliyokuwa kimya huwaka.

Hata hapa, ndani ya sanduku, mtandao umo. Juu ya madabodi ya kompyuta nyingi kuna betri ndogo ya volti 3, umbo la sarafu. Kazi yake ni kuiendesha saa ya kompyuta wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta ikizimwa husahau tarehe, na ikiwashwa huenda ikarudi miaka mingi nyuma. Sasa, tovuti za benki, za barua pepe na nyingi nyinginezo hujitambulisha kwa hati yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani kwamba iko mwaka 2009 huitazama hati ya mwaka huu, huona kwamba muda wake haujaanza, na hukataa kuifungua tovuti. Mteja huona maandishi ya onyo, hana haja ya kuyasoma kwa kuwa ni ya Kiingereza, naye hunena neno lake: mtandao hakuna. Waya ni nzima, ruta ni nzima, mnara ni mzima, Dar es Salaam ni nzima. Kilichokufa ni kitu kidogo kuliko kifungo cha koti. Hapana mfano ulio bora kuliko huu wa kumfundishia kijana kwamba neno la mteja ni dalili, si jina la ugonjwa.

Baada ya sanduku huja chumba. Mtandao wa ndani, yaani wa nyumba au ofisi moja, hufungwa kwa kebo au kwa mawimbi mafupi yasiyohitaji waya. Kebo ya kawaida ina nyaya 8 nyembamba zilizosokotwa mbili mbili. Kusokotwa huko si urembo. Kila jozi iliyosokotwa huyapunguza makelele ya umeme yatokayo nje na yale ya jozi iliyo jirani. Ndiyo maana fundi anayezifumua nyaya hizo sana ili azipange kwa urahisi katika kichwa cha plastiki hujiharibia kazi mwenyewe. Rangi za nyaya lazima zifuate mpango mmoja katika ncha zote mbili, na urefu usizidi mita 100 kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Penye mwendo mrefu zaidi, kama kutoka jengo la walimu hadi maktaba iliyo ng'ambo ya kiwanja, hufaa nyuzi za kioo. Hizo hupitisha nuru, si umeme, na faida yake katika nchi ya radi ni kubwa: radi ikipiga karibu na jengo moja, waya mrefu wa shaba waweza kuubeba umeme wake hadi la pili na kuunguza kila kilichounganishwa, lakini kioo hakiubebi.

Kebo zote za chumba hukutana katika swichi, na swichi huungana na ruta, ambayo ni mlango wa kutokea. Ruta ndiyo pia, kwa kawaida, igawayo anwani. Kila kifaa sharti kiwe na anwani yake, nayo huandikwa kwa tarakimu katika mafungu 4, kila fungu kuanzia 0 hadi 255. Anwani za ndani ya nyumba mara nyingi huanza na 192.168. Fundi akiitazama kompyuta na kuikuta ina anwani inayoanza na 169.254, ameshajua habari nyingi bila kuuliza mtu: kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajitungia yake. Basi ubovu uko kati ya kompyuta na ruta: kebo imekatika, tundu la swichi limekufa, au ruta yenyewe imelala. Haina maana kupiga simu Dar es Salaam.

Ikiwa anwani ni njema, fundi huiita ruta kwa namba yake na kungoja jibu. Ikijibu, huita kifaa kilicho mbali, nje ya mji, kwa namba vile vile. Nacho kikijibu, huita kwa jina. Maana vifaa havijuani kwa majina; kila jina la tovuti hutafutwa kwanza katika kitabu cha majina kilichowekwa katika seva mahali fulani, ili namba yake ipatikane. Mara nyingine njia yote ni wazi hadi Ulaya, ila kitabu hicho hakifunguki, na mteja asiyejua namba huona giza tupu. Hii nayo ni "mtandao hakuna", labda iliyo ya hila kupita zote, na hutengenezwa kwa kuandika mahali pengine pa kutafutia majina, kazi ya dakika mbili.

Nje ya mlango wa ruta ndipo mlima unapoingia katika habari. Uluguru si kilima cha mapambo nyuma ya mji. Kilele cha Bondwa, kinachoonekana kutoka mjini, kina zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hali mji wenyewe uko karibu mita 500 tu. Na upande wa kusini Kimhandu chapita mita 2,600. Juu ya Bondwa imesimamishwa minara ya mawasiliano, na ni mahali pa haki, kwani mawimbi ya namna hiyo huenda kama nuru iendavyo, kwa mstari ulionyooka, na kilele hicho kinautazama mji na mbuga iliyo mbele yake bila kizuizi. Lakini mlima uleule unaosaidia upande wa mbele hufunga upande wa nyuma. Mabonde yanayokatwa na migongo ya milima, kama yalivyo ya Mgeta, hayaoni kilele hicho, na yahitaji minara yao. Katika bonde moja nyumba ya juu hupata mawimbi, na nyumba ya chini, mwendo wa kutupa jiwe, haipati. Kiswahili kina neno tayari kwa hali hiyo, nalo ni kivuli: nyumba ya pili iko katika kivuli cha mlima, kama shamba lisilopata jua hadi saa nne. Mkulima wa Uluguru huijua hali ya kivuli kuliko mtaalamu wa mawimbi, na fundi akimwambia kwamba antena yake imo kivulini, ataelewa mara moja kwamba dawa ni kuipandisha au kuihamisha, si kununua simu nyingine.

Upande wa mashariki, kuelekea Matombo na Kinole, pepo za Bahari ya Hindi huleta mvua nyingi mno. Huko adui ni unyevu. Vichwa vya kebo vilivyo nje huota kutu ya kijani, na mtandao huja na kuondoka kwa kufuata hali ya hewa, jambo linalowafanya watu waseme kwamba mvua imeukata. Mvua kubwa huweza kweli kuyadhoofisha mawimbi mafupi yanayorushwa kutoka dishi hadi dishi. Lakini ikiwa mvua imeanuka tangu asubuhi na mtandao haujarudi, fundi apande ngazi akakifungue kichwa cha kebo.

Kutoka Morogoro habari husafiri kwa nyuzi za kioo hadi pwani. Nyuzi hizo ni sehemu ya kile kiitwacho na serikali Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kilichoanza kujengwa mwaka 2009. (Magazeti mengine huandika mkonga. Mkongo ni mti wa mbao ngumu, na mkonga ni pua ya tembo. Mwenye kupenda picha katika maneno atachagua tembo, anayefika mbali bila kuinuka alipo.) Nuru ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa Dar es Salaam na Morogoro ni kazi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Zamani, kabla ya kebo ya SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na ya EASSy mwaka uliofuata, habari nyingi za kwenda ng'ambo zilipita katika satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, na swali na jibu lake vilichukua nusu sekunde au zaidi.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo hizo mbili zilikatika baharini, upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa dhaifu sana katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo. Siku kama hizo ndizo zipimazo maarifa ya fundi. Ofisini printa iliyounganishwa kwa mtandao wa ndani huendelea kuchapisha, mafaili yaliyo katika seva ya chumba cha pili hufunguka, simu hupigika. Mtandao kwa maana tatu upo, na kwa maana moja tu umedhoofika, nayo iko chini ya bahari, mahali ambapo hapana fundi wa Morogoro awezaye kupafikia. Anayejua hivyo huwaambia wateja wangoje. Asiyejua hufungua ruta zilizo nzima, huzifutia mipango yake, na kebo za baharini zikiisha kuungwa ofisi yake ndiyo ibakiayo gizani.

Ni haki kuuliza kwa nini neno moja limeachiwa mzigo wote huu. Jibu moja ni la historia. Kazi ya kusanifisha Kiswahili ilikuwa na chombo chake tangu Kamati ya mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Lakini kompyuta ilikuwa kitu adimu. Ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku ilipokwisha kulegezwa, vifaa vikaingia kwa wingi na kwa haraka katika miaka ya 1990, vikiwa na majina yao ya Kiingereza yamechapwa juu ya bati, na mafundi hawakuweza kungoja kikao. Kazi kubwa ya kutafsiri ilipofanyika, kama ile iliyozaa Jambo OpenOffice katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwezi Desemba 2004, ilishughulika na maneno yaonekanayo kiooni, si yale yaliyo ndani ya sanduku wala ukutani.

Kwa hiyo karakana ilijitungia lugha yake, na lugha hiyo haistahili kudharauliwa. Madabodi, ramu, ruta na seva ni maneno yaliyokwisha kuvaa nguo za Kibantu, yana ngeli, na yanalingana na maandishi yaliyo juu ya kifaa, jambo lenye thamani kubwa kwa mtu mwenye bisibisi mkononi. Kenya wana tarakilishi, neno lililotungwa kwa ustadi kutokana na tarakimu na akili. Lakini Morogoro ukiliomba dukani utauliziwa tena. Kinachopungua si majina ya vifaa, bali majina ya hali. Baharia hasemi "kamba imekatika" akanyamaza, kwa kuwa kila kamba ya jahazi ina jina lake: henza ikikatika foromali huanguka, demani ikikatika tanga hupeperuka, na wenzake hujua pa kukimbilia kabla hajamaliza kusema. Vivyo hivyo mteja angeweza kufundishwa, pasipo neno hata moja jipya, kusema "mawimbi hakuna" kwa simu, "anwani hakuna" kwa kompyuta iliyokosa jibu la ruta, "intaneti hakuna" kwa njia ya nje iliyofungwa, na kuliachia mtandao maana yake ya kwanza ya vitu vilivyotandwa pamoja. Maneno hayo yote anayo tayari.

Swichi peke yake ndiyo isiyo na dawa ya karibu. Jina hilo ni la kifaa cha kuunganisha kebo, na ni la kitufe cha taa ukutani, na mteja anajua hilo la pili tu. Fundi akimwambia kwa simu, "Zima swichi, kisha uiwashe," mtu huzima umeme wa chumba kizima, ruta na swichi na kompyuta vyote pamoja, akawasha tena. Na kwa kuwa kila kifaa huanza upya na kuomba anwani upya, mara nyingi mtandao hurudi.